Nuru Yenye Mipaka: Flashi Ipi kwa Harusi ya Githongo?



Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja wa Mombasa. Binti yake hupiga picha za harusi za wanawake, kazi aliyoianza miaka miwili iliyopita katika sherehe za jamaa na majirani. Sasa ameitwa mbali. Msichana wa ukoo wao ameposwa na kijana Mwislamu wa Githongo, huko Meru. Nikahi itasomwa Mombasa, na karamu ya walima itafanywa Githongo mwezi wa Julai, nyumbani kwa wazee wa kijana, nao wameomba picha za wanaume kwa wanawake. Binti anataka kununua flashi kubwa kama zile alizoziona kwa wapiga picha mashuhuri, na ameambiwa kwamba fedha anaweza kuzipata kwa mkopo wa simu, alipe kidogo kidogo. Mama anauliza mambo mawili: je, flashi hiyo inahitajika kweli? Na je, chombo hicho kina adabu gani ndani ya chumba cha wanawake?

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo yana haki yake, kwani wapo vijana ambao miaka yao hupita wakilinganisha vifaa bila ya kuifanya kazi yenyewe. Lakini mkulima anayepanda kwenye mlima asioujua, na siku ya kulima ni moja tu, ana wajibu wa kulitazama jembe lake kabla ya kuondoka nyumbani. Harusi haina marudio. Nikahi haisomwi mara ya pili kwa sababu flashi ilikataa kuwaka.

Na jambo hili lina uzito kwa familia zetu kupita vile linavyoonekana. Siku ya kupamba, bibi harusi huonekana na wanawake wenzake peke yao, pamoja na nywele zake, hina yake na mapambo yake. Anayeruhusiwa kuingia na kamera ni mwanamke. Familia ikikosa mpiga picha mwanamke aliye hodari, hubaki na njia mbili zenye dosari: kukosa kumbukumbu, au kumwingiza mwanamume asiyestahili kuingia. Siku hizi ipo na njia ya tatu, nayo ndiyo mbaya zaidi: picha za simu za kila mgeni, ambazo hakuna ajuaye zitaishia mikononi mwa nani. Basi binti anayeisoma kazi hii vizuri anaziondolea familia dhiki ya kweli, na yafaa tumsaidie achague kwa busara.

Zamani bibi harusi aliiendea nuru. Unguja ilikuwa na Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa ilikuwa na studio ya Parekh, na Lamu studio ya Bakor. Watu walivaa, wakaenda, wakakaa mbele ya pazia, na taa zilikuwa zimekwisha simamishwa mahali pake. Mwenye studio alizijua taa zake na kuta zake kama mtu ajuavyo chumba chake cha kulala. Leo mambo yamegeuka: mpiga picha ndiye anayeifuata harusi, na taa hana budi kuibeba begani. Tangu Wajerumani walipotoa unga wa magnesi wa kupigia picha mwaka 1887, unga uliotoa moshi na kuhatarisha nyumba kwa moto, kisha zikaja balbu za kutumiwa mara moja, kisha taa za umeme za Harold Edgerton wa Marekani katika miaka ya 1930, watu wametafuta nuru ya kuchukulika. Sasa imepatikana, na ni ya ukubwa wa kiganja. Lililobaki ni kujua ipi inafaa wapi.

Tuanze na mahali penyewe. Githongo iko kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, si mbali na mji wa Meru, katika nchi ya majani ya chai, kahawa na migomba. Ikweta hupita karibu nayo, lakini asidanganyike mtu wa pwani kwa jina la ikweta. Julai huko ni majira ya baridi. Asubuhi ukungu hushuka, na kuna siku ambapo jua halionekani hadi mchana, na kuna siku halionekani kabisa. Jioni jua huzama kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, na baada ya nusu saa hivi giza limekwisha tanda. Mpiga picha aliyezoea ukumbi wa Mombasa wenye taa nyingi, au ua wenye jua kali na kuta nyeupe, atajikuta katika nuru ya kijivu, hema lenye kitambaa cha rangi, na nyumba ya vyumba vidogo. Kwa hiyo flashi yake itafanya kazi mahali patatu: nje penye mawingu, ndani ya hema la wageni, na ndani ya chumba cha wanawake. Kila mahali pana mahitaji yake.

Kabla ya kutaja chombo, tuielewe nuru. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa nuru inayotoka kwenye vitu na kuingia ndani yake. Kamera nayo ni vivyo hivyo: haipigi kilichopo, hupiga nuru iliyoifikia. Na nuru ya taa ndogo ina kanuni isiyobadilika. Ukiuzidisha umbali mara mbili, nuru hupungua hadi robo. Ukiuzidisha mara nne, hupungua hadi sehemu moja ya kumi na sita. Mtu aliye mita 2 kutoka kwenye flashi akipata nuru kamili, aliye mita 4 hupata robo yake, na aliye mita 8 hupata sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo sababu ya zile picha tunazozijua sote, ambamo mzee wa mstari wa mbele ana uso mweupe kama chokaa na jamaa wa nyuma wamemezwa na giza. Kosa hapo halikuwa udhaifu wa flashi. Flashi ilikuwa karibu mno na wa mbele.

Dawa yake ni kuitoa flashi kwenye kamera, kuiweka juu ya stendi ndefu, na kuisogeza mbali. Taa ikiwa mita 6 kutoka kwa wa mbele na mita 8 kutoka kwa wa nyuma, wa nyuma hupata zaidi kidogo ya nusu ya nuru ya wenzao, na tofauti hiyo jicho huivumilia. Ndani ya hema la Githongo, stendi mbili ndefu kwenye pembe mbili, kila moja na flashi yake ndogo, zitaangaza jukwaa na safu za wageni vizuri kuliko flashi moja kubwa iliyokaa juu ya kamera.

Sasa tuje kwenye nguvu. Watengenezaji hutaja nguvu ya flashi kwa namba elekezi. Namba hiyo ukiigawa kwa umbali wa mita, hupata kipimo cha tundu la lenzi. Flashi yenye namba 32 kwa ISO 100, ukitumia tundu la f/4, hufika mita 8. Ukipandisha ISO hadi 400, hufika mita 16. Lakini angalieni, wapenzi wasomaji, maana hapa ndipo wanunuzi wengi huhadaika. Namba 60 inayoandikwa kwenye maboksi ya flashi nyingi aghalabu imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimebanwa kirushe nuru nyembamba ya mbali, kwa lenzi ya milimita 200. Kichwa kikipanuliwa kwa ajili ya picha ya watu kumi, namba hiyo hushuka sana. Muulizeni muuzaji namba ya kichwa kilichopanuliwa, kwa milimita 35, na mlinganishe kwa hiyo.

Je, nguvu kubwa inahitajika Githongo? Mahali flashi kubwa inapojipatia sifa yake ni kwenye jua la mchana, kwa sababu hapo hushindana na jua lenyewe. Kamera nyingi haziruhusu flashi ya kawaida kupita kasi ya shata ya 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukipita hapo, utepe mweusi hukata picha. Zipo flashi zinazoweza kuivuka kasi hiyo, lakini hulipa kwa kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zao. Basi anayepiga harusi za ufukweni Diani saa nane mchana ana hoja ya kununua taa ya nguvu. Lakini chini ya mawingu ya Julai mlimani, nuru ya anga tayari ni laini na ya wastani. Flashi ndogo ya kujazia vivuli vya macho yatosha. Na jua likijitokeza, wachukueni maharusi kwenye kivuli cha baraza au cha migomba, na tatizo litakuwa limekwisha bila ya gharama.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hili: flashi kubwa haihitajiki. Zinahitajika flashi mbili ndogo zinazotii. Nitaeleza utii huo kwa sifa tano, ili binti akiingia dukani ajue la kuuliza.

Kwanza, iweze kupunguzwa kwa mkono, kutoka nguvu kamili hadi 1/128. Wauzaji husifu ukubwa. Ninyi ulizeni udogo. Katika chumba kidogo, flashi isiyoweza kupungua ni bughudha kwa wageni na ni hasara kwa picha.

Pili, kichwa chake kigeuke pande zote na kuinuka juu. Kichwa kisichogeuka humlazimisha mpiga picha kuwamulika watu usoni moja kwa moja.

Tatu, iwe na redio ndani yake, iweze kuwashwa kutoka mbali kwa triga iliyokaa juu ya kamera. Zamani flashi za mbali ziliamshwa kwa mwako wa flashi nyingine, na zilikosa kuamka penye jua au nyuma ya nguzo. Redio hupita kitambaa cha hema bila shida.

Nne, betri yake ivumilie. Flashi zinazotumia betri ndogo nne za AA ni rahisi kuhudumia, mradi ziwe betri za kuchajiwa za aina ya NiMH, nazo ziwe seti tatu. Zenye betri moja ya lithiamu hurudi tayari upesi zaidi baada ya kila mwako. Upesi huo una maana pale bwana harusi anapopewa mkono wa nikahi, au bibi harusi anapofunuliwa shela, kwani tukio hilo halimsubiri mtu.

Tano, vyote viwe vya ukoo mmoja. Flashi ya kampuni moja na triga ya nyingine aghalabu hazisikilizani. Kwa mfano, katika ukoo wa Godox, ambao umeenea sana, TT600 ni flashi ya kuanzia inayorekebishwa kwa mkono, V860III ina betri ya lithiamu na hujipimia nuru yenyewe, na AD200Pro ni taa yenye nguvu zaidi inayobebeka mkononi. Zote huitika redio ya ukoo wao, hivyo anayeanza na ndogo leo hatatupa kitu akipanda kesho. Jambo moja la kuangalia: chombo na triga viwe vya aina ya kamera yenu. Vya Canon, Nikon na Sony havibadilishani, na mguu wa flashi za Sony una umbo lake.

Niongeze onyo juu ya flashi kuukuu za mtumba. Baadhi ya zile za miaka ya zamani zina umeme mkali kwenye mguu wao, volti zaidi ya 200, nazo zaweza kuiua kamera ya kidijitali siku ya kwanza. Rahisi hapo huwa ghali.

Watu huuliza kama ni lazima kununua flashi inayojipimia nuru, ile iandikwayo TTL. Ni msaada mzuri kwa mtu anayetembea, kwa mfano wakati wa kuwapokea wageni, umbali unapobadilika kila hatua. Lakini harusi zetu zina mtego wake. Chombo hudhani kwamba kila kitu duniani ni cha kijivu cha wastani. Kikiona kanzu nyeupe zimejaa, hupunguza nuru, na nyuso za wazee hutoka nyeusi. Kikiona mabuibui meusi, huongeza nuru, na uso wa bibi harusi huungua. Mpiga picha anayetegemea akili ya chombo atapata picha mbili za watu wale wale zisizofanana. Basi binti ajue kuongeza kidogo penye kanzu na kupunguza kidogo penye mabuibui. Penye jukwaa lisilosogea, aipime nuru mara moja kwa mkono na aiache hapo.

Rangi nayo ina neno. Wapiga picha hufundishwa kuirushia nuru dari ili irudi laini, na hilo ni sahihi kwa dari nyeupe. Hema lina kitambaa cha buluu au chekundu, na nuru ikirudi kutoka hapo huwapaka watu wote rangi hiyo. Dari ya mbao nayo hurudisha umanjano. Mahali kama hapo tumieni mwavuli mweupe, au mfuko wa kitambaa cheupe unaofunikwa mbele ya flashi, ambao haugharimu sana. Tena nuru ya flashi inafanana na ya mchana, kiasi cha Kelvin 5500, ilhali balbu za manjano za nyumbani ni kiasi cha 2700 hadi 3000. Kipande cha plastiki ya rangi ya machungwa mbele ya flashi huzipatanisha nuru hizo mbili, ili uso usiwe wa rangi moja na ukuta wa nyuma wa rangi nyingine.

Sasa niingie katika swali la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu. Chumba cha wanawake kina hukumu yake, na hapo ile kanuni ya nuru niliyoitaja inageuka kuwa msaidizi wa sitara.

Tuseme bibi harusi ameketi kwenye kiti chake, na flashi yenye mfuko mweupe iko pembeni, mita moja na nusu kutoka kwake. Wanawake walioketi nyuma, mita 6 kutoka kwenye taa hiyo hiyo, hupata sehemu moja ya kumi na sita tu ya nuru yake. Kamera ikiwekwa ISO 200, shata 1/200 na tundu f/5.6, taa za kawaida za chumba cha usiku karibu hazitaonekana kwenye picha. Matokeo yake bibi harusi atatoka kwa uzuri wake wote, na nyuma yake patakuwa na giza tulivu ambamo sura za wageni hazitambulikani. Yule shangazi aliyevua mtandio kwa joto la chumba hataingia katika kumbukumbu ya mtu asiyemjua. Flashi hiyo hiyo ikielekezwa darini, chumba kizima huangazwa na kila uso huonekana. Mafundisho ya kawaida husifu njia hii ya dari, nayo yafaa kwenye hema la wanaume. Katika chumba cha kupamba yafaa iachwe, ila pale wote waliomo wameridhia kupigwa picha. Tena mwelekeo wa kamera uwe wa kwanza kuangaliwa, maana giza halimfichi aliyeketi ubavuni pa bibi harusi.

Hii ndiyo sababu nikasema utii kabla ya nguvu. Taa inayopungua, inayotoka kwenye kamera na kuwekwa mahali inapotakiwa, humwezesha mwenye kazi kuangaza kilichoruhusiwa na kuacha kisichoruhusiwa. Taa kubwa isiyozuilika haimpi hiari hiyo.

Lipo na jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Mwako wa flashi ni kama hodi. Kila mwanamke chumbani hujua kwamba picha imepigwa, na imepigwa upande gani. Simu iliyofichwa chini ya mtandio haibishi hodi. Kwa hiyo wenye nyumba wanaweza kuweka sharti jepesi na la wazi: simu zibaki mlangoni, na picha ipigwe na mtu mmoja tu, kwa flashi, kuelekea upande mmoja uliokubaliwa. Mpiga picha naye atangaze kabla ya kuanza: “Mama zangu na dada zangu, nitapiga upande wa kiti tu, asiyependa akae upande huu.” Maneno hayo machache huondoa manung'uniko mengi. Na siku hizi si adabu pekee: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa ni habari yake binafsi, na mwaka 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Yabaki maandalizi ya safari. Ukungu wa mlimani ni matone madogo ya maji. Flashi iliyo juu ya kamera huyamulika matone hayo mbele ya lenzi, na picha hufunikwa na utando mweupe. Moshi wa udi chumbani hufanya vivyo hivyo. Isogezeni flashi pembeni, na utando huo hutoweka. Ikiwekwa nyuma kidogo ya bibi harusi, moshi wa udi wenyewe huwa pambo. Baridi nayo huzipunguzia betri nguvu, basi za akiba zikae mfukoni karibu na mwili, si ndani ya begi. Kamera iliyotoka kwenye baridi ikaingia chumba chenye watu na vyungu vya moto, lenzi yake hupata ukungu, kama vile sisi wa pwani tunavyoona tukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mpeni chombo muda, kiasi cha robo saa, kabla ya kazi kuanza. Stendi ikisimama kwenye mteremko wenye upepo, itundikieni mfuko wenye mawe miguuni, na karatasi ya nailoni iwe tayari kwa manyunyu. Betri zote zichajiwe usiku wa kuamkia siku hiyo, wala msiseme mtachaji mtakapofika, kwa sababu umeme huenda ukakatika, na ukiwapo soketi zina wenyewe: spika, friji na simu za wageni.

Ndugu yake wa kiume amsindikize safari hiyo ndefu, kisha amsaidie kubeba stendi upande wa wanaume. Chumbani kwa wanawake hataingia, kwa hiyo binti afundishe mapema msichana mmoja wa ukoo namna ya kushika taa na kuisogeza. Huenda akawa amempata mwenzake wa kazi.

Kuhusu fedha sitakuwa na maneno mengi. Mkopo wenye riba usiwe mlango wa riziki ya harusi, na sherehe ya watu wawili kuanza kwa halali isirekodiwe kwa chombo kilichopatikana kwa njia hiyo. Njia nyingine zipo. Anunue flashi moja na triga kwa fedha alizo nazo, na ya pili aikodi kwa siku mbili. Mchezo wa akina mama, ukimwangukia mapema kwa makubaliano, ni mtaji safi. Familia iliyomwita yaweza kutanguliza sehemu ya ujira, na hilo si deni la kumwonea haya, kwani kazi inayosafiri kutoka Mombasa hadi Meru ina gharama zake. Akinunua dukani, iwe Mombasa au kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya barabara ya Luthuli, Nairobi, aende na kamera yake mwenyewe, aijaribu flashi kwa nguvu kamili mara ishirini mfululizo akiiachia nafasi ya kujaa kila mara, na aangalie kama kuna mwako uliokosekana.

Kisha, kabla ya Julai, afanye mazoezi katika sherehe tatu au nne ndogo za nyumbani kwa vifaa vile vile atakavyovichukua. Azime taa usiku, amketishe dada yake kwenye kiti, apime mita moja na nusu kwa kamba, aone giza la nyuma linavyokaa. Mkono ukizoea, siku yenyewe macho yake yatabaki kwa watu.

Mama yangu mpendwa, mwambie binti yako kwamba picha za harusi ni amana kabla ya kuwa biashara. Baada ya miaka thelathini, bibi harusi huyo atawaonyesha wajukuu wake alivyokuwa siku aliyopokewa Githongo, na hakuna mwanamke aliyehudhuria atakayeombwa radhi kwa sababu ya picha hizo. Kwa kazi ya namna hiyo flashi mbili ndogo zatosha.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awajaalie maharusi mapenzi na huruma. Wabillahi tawfiq.